Somo Aliyekwenda Kuazima Shangazi

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, kaeni vizuri, na simu mziweke chini. Wewe unayeulizwa kila kukicha "kwani wewe ni mtu wa wapi hasa?", na wewe mwenye mdomo wa kuuliza, nawaambia wote wawili kwa pamoja. Nataka niwasimulie mwanamke mmoja wa Likombe, hapa Mtwara, tuliyemwita Somo. Nikianza kumsimulia moyo hunienda mbio kama nasikia ngoma inakuja, kwa hiyo nikiruka hapa na pale mtanivumilia.

Somo kwetu ni yule mwanamke anayemshika msichana mkono wakati wa unyago, anamfunza utu uzima, halafu siku ya mwisho anamtoa mbele za watu. Wanawake wa kazi hiyo ni wengi. Ila ukisema "Somo" peke yake, kuanzia Likombe mpaka Mahurunga, watu walijua unamtaja nani. Ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Jina lake silisemi. Mwenyewe alikataza, alisema jina la mtu mzima ni la kuitwa na mama yake, na mama yake hayupo.

Alikuwa chotara. Baba yake Mhindi, Mwislamu, mwenye duka Mikindani. Mama yake Mmakonde, mkulima wa muhogo wa Mahurunga. "Pua ya dukani, miguu ya shambani," ndivyo alivyojieleza kabla hujamuuliza. Ugali wa muhogo alikula kwa achari ya embe. Tambuu alitafuna mpaka meno yakawa mekundu, kisha anakuapia kwamba yeye hana cha Kihindi hata kimoja. Duka la baba yake lilikuwa barabarani pale pale Mikindani, lakini Somo akienda kule alishuka mapema na kupita uchochoroni, kwenye matope na mbuzi, asilione. Ukimuuliza kwa nini, anasema uchochoroni kuna kivuli.

Nilikaa naye jirani miaka mingi, lakini nilimjua sawasawa alipomshika mjukuu wangu, Salha.

Mama yake Salha ni binti yangu. Wakati wa gesi, Mtwara ilipojaa wageni na magari meupe, alipata kazi ya kupika kambini. Huko akampenda fundi mmoja mzungu. Yule fundi mkataba wake ukaisha akaenda zake, na Salha akazaliwa nyuma yake, mweupe kama muhogo uliomenywa. Mtaani wakamwita "mtoto wa gesi". Mwanzoni alicheka. Alipofika umri wa kuvunja ungo hakucheka tena. Shule akawa anakwenda kwa kupelekwa, kisimani haendi, dukani haendi.

Halafu ikaja likizo ya unyago, akaingia ndani na wenzake kama kawaida. Katikati ya mafunzo akamwambia Somo: sitatoka.

Lazima mjue kutoka kwenyewe kulivyo. Siku hiyo wari, yaani mwali wakiwa wengi, wamekaa mkekani, wameinamisha vichwa, hawasemi neno. Mama mwenye sauti anaita, "Upande wa mama!" Kina mama wa ukoo wanakuja na vigelegele, wanatuza. Kisha anaita, "Upande wa baba!" Hapo anakuja shangazi mbele ya watu wake, anamfunga mwali khanga mpya. Basi, mwali ni mtu mzima. Kwa watoto ambao baba zao wamekwenda na ndege, yule mama alizoea kuuruka upande wa baba harakaharaka, kwa huruma yake. Salha alimwona rafiki yake akirukwa mwaka uliotangulia. Alisema ile huruma ilikuwa kama kuvuliwa nguo. Na asiyetoka na wenzake, huku kwetu, hata akizeeka watu wanashusha sauti akiingia, wanasema kuna mtoto hapa.

Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu. Sasa mwelewe huyu aliyelibeba ni mtu wa namna gani.

Neno asilolitaka kabisa ni "nusu". Nilimsikia kijana mmoja wa Shangani, mama yake Mmakua na baba yake Mwarabu, akijitambulisha kwake kwa adabu zote: "Shikamoo bibi, mimi ni nusu Mwarabu."

"Marahaba. Nusu ipi?"

"Sijaelewa, bibi."

"Ya kushoto au ya kulia? Chakula kiko tayari hapa, nataka nijue nikulishe upande upi, huo mwingine ukae na njaa."

Kijana akacheka mpaka akakaa chini. Somo akampakulia sahani iliyojaa. "Nusu ni ya kibaba cha mchele," akamwambia. "Wewe ni Mwarabu mzima na Mmakua mzima. Ndiyo maana unakula sana."

Watoto wa namna hiyo walikuja kwake Jumamosi, kutoka Likombe na Mikindani na mbali zaidi. Mwenye baba Mhindi, mwenye bibi Mreno wa ng'ambo ya Ruvuma, mwenye baba Mchina. Watu wa ofisini walisikia wakaja kumtembelea, wakaiita kazi yake ushauri nasaha. Somo akawauliza kama wanajua kutwanga.

Kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa kinu. Tangu bibi zetu, mwanamke akiwa kwenye kinu huimba analotaka: mume mchoyo, wifi mwizi wa mboga, mkwe mwenye maneno. Anayesikia hawezi kushitaki. La kinuni halipelekwi barazani, ndiyo sheria. Somo akaichukua sheria hiyo akawapa watoto. Kila mmoja alitakiwa aje na neno baya kuliko yote aliloambiwa wiki hiyo, alitie kwenye wimbo huku anatwanga makopa, muhogo mkavu. Wenzake wawili wanashika michi, wanamuitikia. Wanalipiga neno lile mpaka limelainika.

Salha nilimpeleka huko kabla ya ile likizo ya unyago, na siku ya kwanza alishika mchi akanyamaza. Machozi yakamtoka, yakaingia kwenye unga.

"Lia, lakini usikose mapigo," Somo akamwambia. "Mwenzako atakuponda vidole."

Akalia kwa mapigo. Jumamosi iliyofuata akaimba sauti ndogo, "Wananiita mtoto wa gesi." Wenzake wakajibu kwa michi, puu, puu. Akarudia. Kijana wa Shangani akadakia, "Ndiyo yeye, leteni sufuria!" Salha akakosa pigo kwa kucheka, na kidole kweli kikapondwa. Wiki hiyo hiyo mtoto mmoja wa jirani alimpigia kelele ya gesi njiani. Nilikuwa nyuma yake, nimebeba kuni. Nikasikia mjukuu wangu anasema, wala hakugeuka, "Ndiyo mimi, lete sufuria." Jamani, kuni nilizitua chini nikazikalia kwa furaha.

Msidhani Somo alifundisha kujibu kila mtu. Hapo ndipo alipokuwa mkali. Aliwaambia kuna mjinga, kuna mtani, na kuna mwenye chuki, na ukiwachanganya umekwisha. Mjinga anauliza kwa sababu hajaona. Mjibu kwa upole, kesho atakuwa amejua. Mtani anakuchokoza kwa sababu anakutaka uwe mwenzake. Mrudishie, na umzidi. Mwenye chuki hataki jibu, anataka uumie. Huyo mpishe njia, umwambie mkubwa wa kwenu, maana chuki si mzigo wa mtoto. Akawajaribu. Anajifanya mjinga, anajifanya mtani, anabadilika katikati ya neno. Siku nyingine alijifanya mwenye chuki vizuri mno, mtoto wa Mikindani akamrushia mchi. Somo akaukwepa, akasema, "Nimesema umpishe, sijasema umuue."

Somo hakuruhusu mama wa mtu atajwe kwenye wimbo. Hata mama wa adui.

Na kusifiwa alikuogopa kuliko kutukanwa. Hili sikulielewa mapema. Wanawake wengine wakimwona Salha husema, "Tazama rangi, tazama nywele, huyu mahari yake itajaza gari." Salha hutabasamu. Siku moja Somo akawafukuza uani kwake, wanawake wazima, kwa ufagio.

"Mbona wanamsifu?" nikamuuliza.

"Anayekupenda kwa weupe wako, jua likikuchoma atakuuza. Na huyo mwenzake mweusi aliyekaa pembeni, umemwona alivyoinama? Wametupa jiwe moja, limepiga wawili."

 

Tulikosana mara moja, kwa jambo la baba yake Salha. Binti yangu alikuwa amemwambia mtoto kwamba baba amekufa maji. Somo akaja nyumbani, hakukaa, akamwambia binti yangu, "Mtoto ameniuliza kaburi liko wapi. Nimpeleke wapi?"

Nikaruka mimi. "Bi mkubwa, hayo ni ya nyumba yangu."

"Ya nyumba yako, lakini yanalia kwenye kinu changu." Akamgeukia binti yangu. "Mpe ukweli, na umpe na kitu cha kushika. Huyo mtu alikuwa anapenda kula nini?"

Binti yangu akafikiri, akaanza kucheka bila kupenda. "Pweza. Pweza wa kuchoma. Na jua lilikuwa linamchoma, anakuwa mwekundu kama kamba wa kuchemsha. Akiongea Kiswahili, kila mtu alimwita mama, hata mlinzi."

"Basi mwambie hivyo. Ameondoka, hakurudi, si kosa la mtoto, na alipenda pweza."

Binti yangu akamwambia. Salha hakula siku ile. Kesho yake akaomba pweza.

Kasoro alikuwa nazo nyingi, nisije nikawajengea malaika. Kwenye karata alikuwa mwizi, anaficha turufu kwenye kilemba. Umbea alikataza, na hakuna aliyejua habari za mji kama yeye. Na huyu aliyewaambia watoto wa watu washike pande zao zote mbili, mwenyewe mmoja alikuwa ameukata. Siku ya msiba wa baba yake, ndugu zake wa Mikindani walimtandikia mkeka jikoni pamoja na wapishi.  Alimenya vitunguu, akamlilia baba yake kwa kisingizio cha vitunguu, na tangu hapo akawa mtu wa uchochoroni.

Sasa turudi kwa mwali wetu aliyekataa kutoka. Mimi nilizunguka kutafuta shangazi. Kila niliyemuomba aliniuliza, "Nikiulizwa mimi ni nani yake, niseme nini?" Nikamwambia Somo asimame yeye. Akakataa: somo ndiye anayemkabidhi mwali, na anayekabidhi hawezi kupokea. Mtu hajipi mkono mwenyewe. Siku zikawa zinakwisha. Salha amegeukia ukuta, anasema mniache, waende wenzangu.

Asubuhi moja Somo akanijia amevaa baibui la Idi. "Twende Mikindani."

Tulipanda bajaji. Nikajua atashuka mapema, kwenye uchochoro wake. Hakushuka. Akamwambia dereva asimame mlangoni pa duka.

Ndani kulikuwa na mzee wa Kihindi, anapanga misumari kwenye makopo. Ni kaka yake kwa baba. Hakumtambua.

"Karibuni mama zangu. Misumari, kamba?"

"Nataka shangazi," Somo akasema.

"Shangazi hatuna," akajibu, kama wenye maduka wanavyojibu. Halafu akavua miwani. "Dada?"

"Dada yako yuko jikoni kwenye mkeka, mlimwacha huko. Mimi ni Somo wa Likombe, nimekuja kuazima mtu."

Yule mzee akashika kaunta. Sauti ya mwanamke ikatoka ndani, Kiswahili kisafi cha Mikindani: "Nani huyo anatukana asubuhi?"

"Mimi."

"Basi ni wewe kweli. Ingia, chai iko motoni."

Akatoka mwanamke, pua ile ile. Mtandio kichwani, mikono ina unga wa chapati. Dada yake kwa baba. Hawakukumbatiana. Walitazamana kama watu wanaopima kitambaa. Somo akaeleza shida yake akiwa amesimama.

"Upande wa baba," yule dada akasema. "Baba gani?"

"Aliyeondoka."

"Mzungu wa gesi mimi nimjulie wapi?"

"Hata mtoto hamjui. Mtakuwa sawa."

"Na watu wakiniuliza mimi ni nani?"

"Sema wewe ni dada wa mtu asiyekuwepo. Kazi hiyo umeifanya miaka yote."

Jamani. Mzee alikuwa ameshika msumari mmoja, anaugeuzageuza. Yule dada akajifuta unga mikononi, taratibu, kidole kwa kidole. Akavuta kiti, kiti cha mbao chenye mto, akakiweka katikati ya sebule.

"Kaa kwanza hapa," akasema. "Sisimami popote kabla hujakaa."

Somo akakaa. Mimi nilikunywa chai nikatazama dari, maana mambo mengine hayatazamwi.

Tuliporudi, akaingia kwa mwali wake. "Umepata shangazi," akamwambia. "Ila hajui lolote. Hajui lini asimame, hajui pa kusimama. Itabidi umsaidie."

Salha akageuka kutoka ukutani. "Hajui hata kutuza?"

"Hajui hata kukaa chini, anataka kiti."

"Masikini," Salha akasema. Nawaambia, neno hilo ndilo lililomtoa yule mtoto ndani. Alikuwa amepata mtu wa kumhurumia badala ya kuhurumiwa.

Siku ikafika. Uwanja umejaa, vumbi, ngoma, watani wamevaa suruali kichwani. Dada wa Mikindani amekaa nyuma kabisa, juu ya kiti chake, na kaka yake kaja naye kafunga duka. Wari wameinama. Ikafika zamu yetu. "Upande wa mama!" Tukaenda, tukatuza, nimecheza mimi na goti langu hili. Kisha yule mama akamwangalia Salha, akasita, nikaona anataka kuruka. Somo akamtolea jicho. Akaita, "Upande wa baba!"

Hakuja mtu. Shangazi wetu kule nyuma anatazama ngoma, anatabasamu, hajui kwamba ndiye yeye.

Mwali haongei. Mwali hainui uso, ndiyo heshima yote ya siku ile. Salha akainua uso, mbele ya mji mzima, akaita, "Shangazi, ndiyo sasa!"

Uwanja ukalipuka. "Mwali kasema! Mwali kaharibu!" Watani wakagaagaa chini.

"Hajaharibu," Somo akasema kwa sauti ya kinuni. "Kaita watu wake. Wapisheni."

Wakapisha. Shangazi akaja mbio, kiti kikaanguka, akafungua khanga. Mtu wa duka yule, kauza khanga maisha yake yote, na ameleta doti kama lilivyotoka kwenye robota, furushi la dukani, halijakatwa, vipande viwili bado vimeungana. Akamfunga Salha upande mmoja. Upande wa pili ukaburuta kwenye vumbi. Watani wakampigia kelele, "Shangazi anauza kwa jora!" Yeye akatazama huku na huku, hana mkasi, akauokota ule upande uliobaki akajifunga mwenyewe. Wakatoka uwanjani hivyo hivyo, wamefungwa pamoja, wanakanyagana, wote wawili wanacheka. Mzee wa misumari alijaribu kigelegele. Kilitoka kama mlango mbovu, lakini kilitoka.

Usiku ule hakuna aliyelala na sauti yake, tulishangilia mno. Yangu ilirudi baada ya wiki.

Mara ya mwisho ninayotaka kuwaambia ni baadaye sana. Miguu ya Somo ilikuwa imekataa, amekaa mkekani ndani, tambuu shavuni. Mimi na Salha tulikwenda kumjulia hali. Salha ameshakuwa msichana mkubwa, anasoma ualimu. Tukamkuta mama mmoja mgeni, kutoka Nanyamba, amekaa ukingoni mwa mkeka, anasema kwa shida. Binti yake anatoka unyagoni kesho. Baba wa mtoto alikuwa mjenzi wa barabara, mtu wa mbali, barabara ilipokwisha akaenda nayo. Hana shangazi. Amesikia Likombe kuna mtu wa kuazima.

Somo akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akagonga kikombe chake sakafuni. Watu wa nyumba yake wakaja: mabinti zake wawili, wakwe, wajukuu, hata yule dada wa Mikindani ambaye siku hizo alikuwa akishinda pale, mikono ina unga.

"Nani anakwenda?" Somo akauliza.

Binti yake mkubwa akasema, "Mimi nitakwenda, mama. Mmoja anatosha, wengine wabaki na wewe. Huwezi hata kujinyanyua."

Salha akanitazama. Somo akamwona.

"Wewe unayesoma ualimu, waambie. Mmoja anatosha?"

"Mmoja unamwona ameazimwa," Salha akasema. "Wakija wengi ni ukoo."

Somo akatema tambuu yake kwenye kopo, akajifuta mdomo, akawatazama mmoja mmoja mpaka wote wakaacha kunong'ona.

"Mmesikia. Kesho nyumba hii asibaki mtu. Pigeni nguo pasi, kodini gari, vigelegele mvifanyie mazoezi njiani. Mnakwenda Nanyamba wote, mkubwa na mdogo, mkasimame upande wa baba. Mimi niwekeeni maji karibu, na mlango mnifungie kwa nje."